Kusomewa kwa Basima

Mgeni aliingia Kafar Tela jua likiwa utosini, yeye na mchunga nyumbu wake na nyumbu wawili waliolemewa mizigo, na kijiji kizima kikadhani ni ngano.

Walikuwa na haki ya kudhani hivyo. Nzige walikuwa wamepita majira ya kuchipua. Walikula shayiri, wakala majani ya mizabibu, wakabambua hata magome ya mizeituni michanga, na tangu hapo kila mnyama aliyeonekana akipanda ile njia ya mawe na mzigo mgongoni aliwatoa watu ndani. Wanawake walitoka na vikapu. Shalita, mkuu wa kijiji, ambaye mkanda wake sasa ulimzunguka mara mbili, alikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa nyumbu wa mbele akaubonyeza.

"Ngumu hii," akasema. "Ngano ya wapi, mwanangu?"

"Si ngano, mzee. Ni vitabu."

Shalita akaubonyeza tena, kana kwamba huenda mgeni hajui alichobeba. "Vyote?"

"Vyote."

"Na yule nyumbu mwingine?"

"Naye ni vitabu."

"Basi umekuja kulisha panya wetu," Shalita akasema. "Wao wana bahati."

Wanawake wakarudi na vikapu vyao vitupu.

Kasisi Zebina aliyasikia hayo yote dirishani. Alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mkewe, Basima, akimlowesha midomo kwa kitambaa. Maji ya ugonjwa yalikuwa yamejaa miguuni mwa Basima, yakapanda tumboni, na sasa yalimkaba kifua. Alipumua kama mtu anayepanda ngazi, naye alikuwa amelala chali.

Kafar Tela mtu hakuachwa afe hivi hivi. Alipokataa maji, kasisi aliifungua Injili pale karamu ya mwisho inapoanza, akasoma mateso, kifo, kaburi na kufufuka bila kukatisha, macho yakiwa juu ya ukurasa. Anayekufa husomewa, walisema, hasimuliwi. Waliamini kwamba roho huifuata ile sauti kama kipofu anavyofuata mkono wa anayemwongoza, na sauti ikikatika, roho hubaki pale ilipoachwa.

Zamani, Zebina alimsomea hivyo mwanawe wa pekee, Yaunan. Alipofika msalabani sauti ilimkatika. Alilia mpaka mtoto akapoa mikononi mwake, na kitabu kikafungwa hapo. Basima hakusema neno. Alipika, akafua, akazeeka naye kitanda kimoja, na hakusema neno, mpaka alfajiri ya siku ile.

"Baba Yaunan," alisema, "ulimwacha mtoto pale."

Zebina hakuuliza ni wapi.

"Mimi nikifika hapo nitamkuta. Bado ni mdogo, hajui njia. Nisomee ile ile aliyosomewa yeye, maneno yale yale, nisije nikapita pengine. Nimshike mkono tutoke wote. Lakini safari hii usinyamaze. Nisomee mpaka mwisho."

"Nitakusomea mpaka mwisho."

"Maneno yale yale?"

"Yale yale, mama Yaunan."

Hilo lilikuwa la alfajiri. Sasa Shmuni, bikira aliyewekwa wakfu kwa kanisa, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza Basima, alimsogeza Zebina begani. "Nenda ukamwone huyo mgeni wako, Baba Kasisi. Mimi nipo. Na kama kweli kaja na vitabu tu, mwambie hapa hata mbuzi hawavitaki."

Mgeni aliitwa Asterio, shemasi kutoka mjini. Alikuwa kijana, pua imebabuka kwa jua, na alisema lugha ya kijijini kwa lafudhi ya Kiyunani, akiyaweka maneno taratibu kama mtu anayepanga mayai. Walimkaribisha kanisani, kwenye kivuli, wakampa maji na zeituni chache zilizokuwa kwenye chumvi tangu mwaka uliopita. Alikula moja, akazitazama zilizobaki, akawasogezea wenyeji.

Alieleza alichotumwa. Askofu alikuwa ameagiza makanisa yote ya mlimani yairudishe ile Injili waliyokuwa wakiisoma na kupokea hizi nne, zinazosomwa Rumi, Aleksandria na kwingineko kote. Ile yao, alisema, haikuwa ya mtume yeyote. Mtu mmoja, zamani, alizichukua zile nne akazikatakata na kuzishona zikawa hadithi moja. Mambo mengine aliyaacha nje, na yeye mwenyewe baadaye alipotea njia.

Watu walimtazama. Kafar Tela hakuna aliyewahi kujua kwamba Injili ilishonwa kutokana na kitu. Ilikuwa moja kama jua lilivyo moja. Babu zao waliipokea hivyo, ikalala chini ya altare, ikatolewa kwa ndoa, kwa viapo na kwa wanaokufa.

"Kwa hiyo Bwana wetu sasa ni wanne?" aliuliza Shalita.

"Ni mmoja, mzee. Mashahidi ndio wanne."

"Kwenye kesi ya mpaka wa shamba langu mashahidi walikuwa wawili tu, na tulitoka pale hakuna anayejua shamba liko wapi."

Shemasi hakukasirika. Alifungua kimojawapo, akawasomea ili wasikie kwamba si kitu kigeni. Kwa bahati mbaya aliangukia habari za Yohana jangwani.

"Alikula nini?" Shalita alimkatiza.

"Nzige."

Vichwa vikainuka.

"Kwetu anakunywa maziwa," akasema mzee mmoja kutoka nyuma. "Maziwa na asali ya mlimani. Tangu utoto wangu."

"Kwenye hivi ni nzige."

"Na mmengoja mwaka huu ndipo mtuletee habari hiyo," Shalita akasema. "Yohana ana heri. Yeye aliwala. Sisi walitula wao."

Walicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kwa wengi, maana hawakuwa na nguvu ya kukibeba. Zebina peke yake hakucheka. Alimshika shemasi mkono akamvuta pembeni.

"Mwanangu, mke wangu anakufa. Kiache kitabu mpaka nimsomee. Kesho kutwa nitakileta mwenyewe, kwa miguu yangu."

Asterio aliinamisha kichwa. "Kijiji cha chini waliniomba hivyo hivyo. Nikawaachia. Niliporudi kitabu kilikuwa ndani ya ukuta, wamekipaka chokaa juu. Baba Kasisi, sisemi wewe utafanya hivyo. Lakini nikirudi nitaapishwa, kijiji baada ya kijiji, nilichoona na nilichofanya. Siwezi kusema nimekiacha tena."

"Na nikikataa?"

Kijana alitazama mlangoni, walikokuwa wameketi watoto, magoti yao makubwa kuliko mapaja. "Ngano ya kanisa ya kulisha wenye njaa italetwa huku mlimani wiki ijayo. Inakwenda kwa makanisa yaliyo pamoja na askofu. Hakuna aliyesema asiyetoa kitabu hatapata. Ila nimeona mambo yanavyokwenda."

Shalita alikuwa amesikia. Alikuja akasimama karibu sana, na safari hii hakuwa na mzaha. "Baba Kasisi, Basima ni dada yangu kwa ubatizo, unajua. Lakini mpe. Mpe huyu mtu kitabu chake. Mimi nimezika wajukuu wawili toka nzige waje."

Hapo ndipo Zebina alipokosea, na lilikuwa kosa ambalo msomaji yeyote wa kanisa angelifanya. Alikuwa amekisoma kitabu kile tangu ujanani, kila mwaka mara moja chote. Alikuwa anajua lini afunue ukurasa kabla jicho halijafika chini. Alijiambia: ninacho moyoni. Alijiambia pia kwamba asubuhi Basima alikuwa amekunywa maji, kwa hiyo bado hajafika. Akapiga magoti, akakitoa chini ya altare, akakibusu kwenye kona iliyokuwa imelika kwa mabusu ya watu, akamkabidhi shemasi.

Mchunga nyumbu alikifunga pamoja na vingine vya aina yake vilivyokwisha kukusanywa kwenye yule nyumbu wa pili, akatangulia bondeni ili awahi kijiji kinachofuata kabla ya giza. Shemasi alibaki kumwonyesha Zebina mpangilio wa vile vinne. Hawakuwa wamefika mbali katika mafundisho hayo, na nyumbu walikwisha kutoweka bondeni, Shmuni alipotokea mlangoni mwa kanisa, mikono imelowa.

"Amekataa maji," akasema.

Zebina alikimbia. Shemasi alimfuata kwa heshima tu, amjulie hali mgonjwa kisha aondoke, na alipokwisha kuvuka kizingiti Shmuni alifunga mlango akaketi mbele yake.

"Aliyeingia wakati wa kusomewa hatoki mpaka kuishe," akamwambia. "Kaa, kijana wa mjini. Leo utajifunza adabu zetu."

Basima aligeuza macho. "Kitabu kiko wapi?"

Zebina alivaa shingoni stola yake ya ukasisi, akaketi, akaanza kutoka kichwani: chumba cha juu, meza, mkate. Maneno yalikuja. Yalikuja vizuri mpaka bustanini, kisha akatafuta linalofuata akakuta shimo. Aliona wazi kabisa pale lilipo, upande wa kushoto, chini ya doa la mafuta, lakini hakuona ni neno gani. Macho yake ndiyo yaliyokuwa yakijua, miaka yote hiyo, si moyo. Akarudi nyuma, akaanza tena, akafika pale pale, akakwama.

"Unasimulia," Basima akasema kwa taabu. "Usinisimulie, baba Yaunan. Nisomee."

Mfuko wa vitabu ulikuwa begani mwa shemasi. Zebina alimnyooshea mkono, na kijana akampa, huenda kwa furaha, akidhani atachagua kimoja. Zebina aliviweka vyote vinne kitandani kuuzunguka mwili wa mkewe, viwili kila upande, akavifunua vyote.

"Baba Kasisi," Asterio akasema polepole. "Hilo ndilo nililotumwa kulikomesha."

"Najua, mwanangu."

"Nitaulizwa."

"Ukiulizwa, sema."

Akaanza kushona. Alisoma sentensi kutoka kitabu cha kwanza, akaruka kwenye cha tatu, akarudi kwenye cha kwanza kwa neno moja, akavuka kwenye cha nne. Alijua jinsi ile moja ilivyokwenda, kama mtu anavyoujua wimbo hata akisahau maneno, na kila kipande alipokiona alikitambua. Lakini vipande vilikuwa vimetawanyika. Kurasa hazikuwa zake. Mwandiko ulikuwa mgeni, na mikono miwili haikutosha. Shmuni aliondoka mlangoni akashika viwili vilivyokuwa upande wa ukuta. Hakujua kusoma vizuri, ila alishika pale alipoambiwa ashike, na kidole hakikuondoka.

Kati ya kipande na kipande palikuwa na kimya. Mara kifupi, mara kirefu. Na kila kimya Basima alifumbua macho.

"Mbona unanyamaza?"

"Natafuta. Niko hapa."

"Usilie."

"Silii. Natafuta ukurasa."

Hakumwamini, ilionekana wazi usoni mwake. Yeye alikuwa amesikia kimya cha namna ile mara moja tu maishani, na aliujua mwisho wake. Alikuwa akienda kwa hofu, akisimama kila sauti iliposimama, kama mtu anayevushwa mto na kamba inayolegea mkononi. Zebina aliharakisha, na kadiri alivyoharakisha ndivyo alivyopotea. Aliingia ua wa kuhani mkuu mara mbili. Jogoo aliwika mapema mno, ikabidi arudi.

"Hapo umeruka," Basima akanong'ona. "Kuna mwanamke wa mlangoni."

"Kweli. Nisamehe. Huyu hapa."

Nje, watu walikuwa wamekusanyika chini ya dirisha, kama ilivyo desturi, na kwa sababu walikuwa wakiijua ile njia nao waliyasikia makosa yote. Mtu mmoja alianza kulia mapema, Shalita akamnyamazisha.

Mwanga ulipoanza kupungua, cha nne kilijifunga chenyewe, na Zebina akapoteza mahali. Alikuwa akihangaika kukifunua kwa kiwiko ndipo mkono mwingine ulipokichukua. Shemasi alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa kitanda. Alikishika kitabu wazi, akaweka kidole kwenye mstari, bila kumtazama mtu.

Hivyo, katika kusoma, walifika mlimani penye msalaba. Ile moja ilikuwa na maneno yote ya Bwana msalabani yamepangwa mfululizo, moja baada ya lingine, kama shanga. Hapa kila kitabu kilikuwa na lake, na vingine havikuwa na la mwenzake. Zebina alisoma la kwanza. Alisoma la pili. Akalitafuta la tatu mahali ambapo hapakuwa nalo, akafunua nyuma, akafunua mbele. Shemasi alinyoosha kidole, lakini kumbe siyo lile. Kimya kilirefuka. Aliisikia pumzi ya mkewe ikipanda, ikingoja. Alitaka kusema niko hapa, lakini desturi ilikataza kuchanganya maneno ya mtu na yale ya msalabani, naye aliishika desturi hiyo, akanyamaza, akatafuta.

Alipoliona na kufungua kinywa kulisoma, Shmuni alikuwa tayari ameweka kiganja juu ya macho ya Basima.

"Ameondoka," akasema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Ulipokuwa unafunua."

Pale pale, basi. Mahali pale pale kama Yaunan. Kwa muda mrefu alichoweza kufikiri ni kwamba sasa wako wawili pale, mama na mtoto, wakitazama alikotoka msomaji na kuona hakuna anayekuja. Alijaribu kuomba, akakuta hana la kuombea. Alikuwa ametoa kitabu kwa ajili ya ngano ambayo hakuiona bado, kwa watoto ambao wengine wasingefika wiki ijayo, na kilichobaki mikononi mwake ni kurasa za watu wengine na mwili unaopoa.

Shemasi alikuwa akilia waziwazi, kitabu bado kiko wazi mikononi. Alijifuta kwa bega.

"Imetosha, Baba Kasisi," akasema. "Nisikilize. Ulimsomea akiwa hai, na kwa uchungu wa kufiwa mtu hufanya mambo. Hilo naweza kulisema na watalielewa. Lakini amekwisha kufa. Acha hapa. Au ukitaka kumaliza, maliza na kimoja, chochote, nami nitakaa nawe mpaka mwisho. Ukiendelea kuchanganya juu ya maiti, mbele yangu, nikiapishwa nitaulizwa kama ulijua unachofanya, na itabidi niseme ulijua. Watakuvua ukasisi. Hutagusa altare tena. Hata yeye hutamzika kwa mikono yako."

"Sikiliza maneno ya mtoto wa watu, Baba Kasisi," Shmuni akasema kwa upole, na Shmuni hakuwa mtu wa upole. "Basima hasikii tena."

"Huenda," Zebina akasema.

Aliutazama uso wa Basima. Haukuwa na amani ambayo watu husema wameiona. Ulikuwa uso wa mtu aliyekatizwa.

Akaivua stola shingoni, akaikunja, akaiweka juu ya goti la shemasi.

"Ichukue kabisa, mwanangu. Njia ni ndefu, usije ukairudia kwa ajili ya kitambaa."

Asterio hakuigusa. Haikuanguka pia.

Zebina alivuta kitabu cha pili karibu na mwanga wa dirisha na kulisoma lile neno alilokuwa amelitafuta. Kisha lililofuata, kutoka cha tatu. Kisha kutoka cha nne, ambacho shemasi alikuwa bado amekishika. Alisoma kifo. Sauti ilikuwa mbovu, imekauka, na ilipasuka mara moja, lakini hakuiacha ikatike. Alisoma sanda na jiwe. Alisoma wanawake wakienda alfajiri, na hapo vile vinne havikukubaliana ni wangapi walikwenda wala nani aliwangoja mlangoni, naye akachukua kwa huyu na kwa yule, kama ilivyokuwa kwenye ile moja, kadiri alivyokumbuka, akisimama, akitafuta, akiendelea. Huenda aliyapanga vibaya. Hapakuwa na mtu tena kitandani wa kumwambia hapo umeruka.

Shmuni aliwasha taa, akairudisha mikono yake vitabuni. Nje watu walikuwa wameanza kuondoka mmoja mmoja, maana mgonjwa amekwisha kufa na kuna maji ya kuchota na kaburi la kuchimba. Zebina alisikia nyayo zao juu ya mawe zikipungua. Alisoma bustani. Alisoma mlango uliofungwa na samaki wa kuokwa. Alisoma mpaka mstari wa mwisho, na ulipokwisha alinyamaza mahali ambapo anayesomewa, akiwa bado na pumzi, husema amina.